Galaksi Saba na Mistari Mitatu

Kitale,
Jumapili, 11 Januari 2026

Mwanangu Nakhungu,

Leo ni siku ya mia tangu nitoke Sirisia. Nimehesabu kwa vidole, kisha nikahesabu kwa kalenda ya duka la mbolea iliyo ukutani hapa tunapolala, hesabu zikaafikiana. Niliondoka tarehe tatu Oktoba nikamwambia mama yako nitarudi kabla ya Krismasi. Krismasi imepita. Msimamizi wetu, Rotich, alisema mahindi hayajui Krismasi. Nikamwambia, mahindi hayajui, lakini mimi niliyebatizwa najua. Akacheka, akaniandikia zamu.

Mama yako amenipigia simu na habari zako, na tangu hapo chakula hakishuki. Ati unataka kwenda mashindano ya sayansi ya kaunti na somo lako ni galaksi, na mwalimu mmoja amekuambia mtoto wa kibarua aachane na mbingu, atengeneze mbolea ya kinyesi cha kuku. Nakhungu, mimi niliishia darasa la saba. Galaksi siijui. Lakini kinyesi cha kuku nakijua, tulikuwa nacho nyumbani bure, sikukupeleka mpaka Kidato cha Nne ukakisomee tena.

Hapa kazi ni ile ile. Mahindi yanakuja mabichi, tunayamwaga kwenye draya, moto unawashwa chini, feni inasukuma hewa ya moto juu. Kipimajoto cha mashine kilikufa mwezi wa Novemba na hakuna aliyekizika wala kuleta kingine. Kwa hiyo mimi ndiye kipimajoto. Kila nusu saa nasogeza nyuma ya kiganja karibu na ukuta wa bati, bila kugusa, nasikia joto linavyotoka, nalipatia alama kati ya kumi. Mwenzangu Daud anaegemeza nondo kwenye ukuta, anaweka sikio upande wa pili, anasikiliza. Mahindi yakikauka yanalia kama changarawe, mabichi hayasemi kitu. Yeye anatoa alama ya sauti. Mimi ni mkono, Daud ni masikio, na daftari naandika mimi kwa kuwa yeye anasema mwandiko wake ni wa madrasa, unatoka kulia.

Sasa niandikie galaksi ni nini, kwa maneno ambayo mtu mwenye vumbi machoni anaweza kuyaona. Barua hii naipitisha kwa Mama Khadijo, yule anayenunua mahindi hapa na kuyauza Chwele. Ataiacha langoni pa shule yenu, kwa sababu huko bwenini simu mmekatazwa kama bangi.

Ni mimi baba yako,
Wabwile


Bungoma,
18 Januari 2026

Baba mpendwa,

Usimwambie mama, lakini mbolea ya kuku nimeikataa.

Galaksi ni mji wa nyota. Huu wetu una nyota mabilioni kwa mabilioni, na jua ni moja tu kati yake. Iko miji mingine mbali sana hivi kwamba mwanga wake tunaouona leo uliondoka huko kabla dunia haijawahi kuwepo. Mwalimu wetu wa fizikia, Bi. Chepkemoi, alinichapishia jedwali la galaksi sitini na nne zilizopimwa na wanasayansi wenye darubini kubwa. Kila galaksi ina namba mbili. Ya kwanza ni ya infraredi, yaani mwanga wa joto usioonekana kwa macho. Huo huo, Baba, unaousikia kwa nyuma ya kiganja kabla hujagusa bati. Ya pili ni ya mawimbi ya redio ambayo galaksi inayatoa yenyewe, bila stesheni wala mtangazaji.

Nyota kubwa zinapozaliwa zimezungukwa na vumbi. Zinalipasha vumbi moto, nalo vumbi linatoa infraredi. Lakini nyota kubwa hazikai sana. Zinateketeza kila kitu upesi halafu zinalipuka, na mlipuko unazirusha chembe ndogo mbio mbio ndani ya usumaku wa galaksi. Chembe hizo ndizo zinazotoa redio. Kwa hiyo joto linatoka kwa nyota zilizo hai na redio inatoka kwa zilizokufa, lakini ni ukoo mmoja. Ndiyo maana namba hizo mbili zinatembea pamoja. Chukua galaksi ndogo, chukua nyingine inayoizidi mara elfu, gawanya joto kwa redio: jibu linakaribia kuwa lile lile. Kwa zile za mbali zaidi jibu linashuka kidogo, na Bi. Chepkemoi anasema wakubwa wenyewe bado wanabishana kwa nini. Nilipouona mstari ukijitokeza kwenye karatasi ya grafu nilipiga kelele darasani, nikaandikwa jina kwenye orodha ya wapiga kelele.

Isipokuwa saba. Saba zina redio kubwa kuliko joto lake. Bi. Chepkemoi anasema mara nyingi katikati ya galaksi kama hiyo kuna shimo jeusi linalomeza vitu, na kelele ni za kule kumeza, si za nyota.

Mwalimu Ndung'u, mkuu wa sayansi, ndiye anayetia sahihi fomu za mashindano. Yeye anasema hizo saba zinachafua mstari. Mwaka jana jaji alimuuliza msichana wetu kuhusu nukta zilizotawanyika, msichana akalia mbele ya watu. "Futa hizo," ameniambia. "Nani atapanda huko juu kuzihesabu?" Sijafuta. Amenipa mpaka mwisho wa mwezi.

Barua zinazoingia hufunguliwa na naibu wa mwalimu mkuu. Tafadhali andika kwa adabu.

Binti yako,
Nakhungu


Kitale,
22 Januari 2026

Kwanza nakusalimu wewe unayefungua barua hii. Habari ya kazi? Ukimaliza kusoma ikunje ilivyokuwa, mpe mwenyewe.

Nakhungu, mama,

Nakuita mama kwa kuwa una jina la mama yangu, na leo umenifundisha kama yeye. Hayo ya redio nimeyaelewa kuliko ulivyofikiri. Jioni kwetu stesheni ya Kibukusu inatangaza nini? Vifo. Marehemu alikuwa mtoto wa fulani, mjukuu wa fulani, ameacha wajane wawili. Na joto linatoka wapi? Kwa walio hai wanaopika. Lokesheni yenye mafiga mengi ina matangazo mengi vilevile, kwa sababu watu ni wale wale. Nilimweleza Daud wakati wa chai. Akasema, "Kumbe mbinguni pia wana matanga, bana!" Tulicheka mpaka Rotich akatoka kibandani kuuliza nani amelewa.

Na boma lenye matangazo kila jioni lakini halifuki moshi? Hapo usipite tu. Simama uulize. Kuna kitu ndani kinakula watu.

Sasa huyo Ndung'u. Ati futa! Alisomea wapi? Galaksi saba nzima, kila moja na nyota zake zisizohesabika, zimekaa huko tangu kabla ya babu wa babu yake, na mtu wa Bungoma mwenye chaki anaamua hazipo kwa sababu zinampindia mstari! Wasichana saba wakitoroka darasani kwake atamwandikia mwalimu mkuu kwamba darasa limenyooka? Mtu anayefuta asichokipenda si mwalimu. Ni mpaka rangi. Anapaka juu ya ukuta uliopasuka, mwenye nyumba anafurahi, nyumba inaanguka Alhamisi.

Usizifute. Akikunyima sahihi, akunyime. Ukizifuta usinionyeshe hiyo karatasi, na usiniambie ulifunzwa na mimi.

Nimeishiwa na karatasi, hii nimeing'oa kwenye daftari la kazi. Usijali kilicho nyuma yake, ni takataka.

Baba yako,
Wabwile


Bungoma,
1 Februari 2026

Baba,

Naibu wa mwalimu mkuu ni Mwalimu Ndung'u. Ndiye mkuu wa sayansi pia, walimu ni wachache. Sikukuandikia hivyo kwa sababu nilidhani adabu ingetosha.

Alinisimamisha katika chumba cha walimu akasoma sehemu ya mpaka rangi kwa sauti. Walimu walicheka. Bi. Chepkemoi hakucheka. Alipomaliza alinipa barua yako, na juu ya barua akaweka kifutio.

Nimezifuta. Zimebaki hamsini na saba. Mstari umenyooka, kila mtu anausifu. Fomu imetiwa sahihi. Mashindano ni Jumamosi tarehe 7 Machi.

Usiandike tena habari za walimu.

Nakhungu


Kitale,
5 Februari 2026

Nakhungu,

Nimeisoma barua yako mara nne na kila mara natafuta mahali ulipoandika kwamba ni mzaha.

Kifutio! Mtu amekuwekea kifutio juu ya barua ya baba yako nawe ukakichukua! Bibi yako, mwenye jina lako, chifu alipomwambia mpaka wa shamba uko kwenye mti, yeye alikaa chini ya ule mti siku mbili mpaka chifu akarudi kupima upya. Hakuwa na Kidato cha Nne. Hakuwa na grafu. Alikuwa na makalio na ukweli, basi. Wewe umesomeshwa, umeonyeshwa kitu ambacho sisi wengine hatutakiona mpaka tufe, halafu kwa kucheka kwa walimu watatu unakifuta!

Mimi sikusoma. Lakini toka nizaliwe sijaandika uongo kwa mkono wangu. Mkono huu ni mbaya, una sugu, lakini ulichoandika ndicho kilichokuwepo. Nilitaka uurithi huo, maana kingine cha kurithi sina.

Na wewe Ndung'u, najua unasoma, karibu. Nilikuita mpaka rangi, nikakosea. Mpaka rangi hutumia rangi yake mwenyewe. Wewe unatumia mkono wa mtoto wangu. Siku ile jaji atakapomuuliza, "Hukupata hata moja iliyopotoka?", atasimama yeye, si wewe. Wewe utakuwa umekaa nyuma unapiga makofi. Mtu mzima, mwenye cheo na koti, unaogopa nukta saba za kalamu! Aibu. Aibu tena. Ningekuwa na nafasi ningekuja hapo langoni niiseme kwa sauti wanafunzi wote wasikie.

Mwandiko si mzuri kwa sababu ya kalamu. Daud hayupo, amekwenda kupumzika kidogo.

Sina zaidi.

Wabwile


Bungoma,
12 Februari 2026

Baba,

Mwalimu Ndung'u aliisoma barua yako, akanipa, na koti lake akalivua. Hilo ndilo la kukuchekesha. Yaliyobaki hayachekeshi.

Barua yako ya kwanza ilikuwa nusu hasira na nusu draya. Kulikuwa na feni, bati, nondo ya Daud. Ya pili ilikuwa na hasira zaidi, lakini mlikuwa mnacheka wakati wa chai. Hii ya tatu ni kelele kutoka juu mpaka chini. Hakuna mashine, hakuna mahindi, na Daud amepewa maneno matano. Baba, si wewe uliyeniambia nisimame niulize? Nilisimama. Redio imezidi joto. Nikajiuliza kuna nini katikati kinachokula.

Juzi Mama Khadijo aliniita langoni. Akaniambia tarehe 29 Januari draya ilishika moto, na Daud ameungua mikono yote miwili, kuanzia viwiko kushuka. Akaniambia kiwandani wanasema Daud alilala na nondo mkononi, kwamba daftari linaonyesha mashine ilikuwa nzima wiki yote. Akasema wewe ndiye uliyemvuta kutoka ndani na kiganja chako cha kulia kimefungwa. Kumbe hiyo ndiyo kalamu mbaya.

Usiku huo sikusoma kitu. Asubuhi nilichukua barua ya tarehe 22 nisome tena ile ya matanga ya mbinguni, maana ilinichekesha hata baada ya kuniumiza. Nikaigeuza. Mwalimu Ndung'u hakuigeuza, hata mimi sikuwa nimeigeuza. Uliandika ni takataka.

Ni tarehe 21 Januari, kwa mwandiko wako. Saa, joto, sauti. Mistari ishirini, kutoka saa moja asubuhi. Joto 6, sauti 6. Joto 7, sauti 7. Joto 7, sauti 6. Inakwenda pamoja hivyo mistari kumi na saba. Kisha mitatu ya mwisho: joto 5, sauti 8. Joto 5, sauti 9. Joto 4, sauti 9.

Nimezichora kwenye karatasi ya grafu. Sikuhitaji kuzichora lakini nimezichora. Baba, hizi ni galaksi zangu. Hiyo sauti haikuwa ya mahindi.

Ukurasa huu uling'olewa kwa nini? Na huko kwenye daftari kuna nini mahali pake? Uliniambia nisifute, na maneno hayo uliyaandika mgongoni mwa karatasi uliyoing'oa.

Sijui kama nina haki ya kukasirika, maana mimi nami nimefuta. Lakini nimekasirika. Walimu walinicheka kwa sababu yako nikavumilia, nikijua kwamba baba yangu angalau hasemi asichokitenda.

Nakurudishia karatasi yenyewe, nimebaki na nakala ya pande zote mbili. Mama Khadijo anaibeba ndani ya leso. Jibu usiliache langoni. Alipeleke kwa Bi. Chepkemoi, nyumba ya pili nje ya shule.

Nakhungu


Kitale,
19 Februari 2026

Nakhungu, mama yangu,

Karatasi imefika. Naandika kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo nitasema yaliyo ya lazima.

Tarehe 21, saa kumi na nusu, Daud aliondoa sikio kwenye nondo akaniambia, "Wabwile, hayo si mahindi. Kuna kitu kinasaga." Bati lilikuwa linapoa na sauti inapanda. Mtu wa draya hahitaji kuambiwa mara mbili. Feni iko katikati, na ndani ya feni kuna bearingi, ile pete ya vigololi inayoifanya izunguke. Ikianza kufa inapiga kelele, na feni inapunguza kusukuma hewa, ndiyo maana joto la ukuta linashuka. Tulikwenda wote wawili kwa Rotich, tukamwambia azime mashine. Akatazama daftari. Akasema wakaguzi wanakuja wiki ile, na mistari hiyo mitatu inafanya mashine nzima ionekane mbovu. "Andika upya ukurasa," akasema. "Hiyo mitatu iwe kama wenzake. Nani atakuja kupima jana?"

Unasikia alivyosema? Ni maneno ya Ndung'u, kasoro mbingu. Na mimi, Nakhungu, niliyajibu hivi: "Sawa, bosi."

Niliandika upya ukurasa mzima. Joto 6, sauti 6. Mwandiko mzuri kabisa, kuliko wa siku nyingine zote. Daud alikuwa amesimama karibu. Aliniuliza, "Si nilikwambia tisa?" Nikamwambia anyamaze, tutafukuzwa sote. Akanyamaza. Mtu ambaye kazi yake ni kusikia, nilimnyamazisha mimi.

Kesho yake ikaja barua yako. Nikaona jina la Ndung'u, nikapata mtu wa kumkasirikia. Nilichukua ile karatasi iliyong'olewa nikamchamba nayo. Sikuwa naongea na Ndung'u.

Baada ya siku nane bearingi ilikwama, mkanda wa feni ukaungua, makapi yakashika moto. Daud alikuwa ndani akizoa makapi, kwa sababu kwa daftari mashine ilikuwa salama. Nilimvuta kwa mguu. Sasa wanasema alilala. Ati masikio ya kiwanda yalilala! Mkewe, Bilan, alikwenda kuuliza, wakamfungulia daftari wakamwonyesha mwandiko wangu. "Tazama," walimwambia, "hata rafiki yake ameandika kwamba kila kitu kilikuwa sawa." Mwanamke yule alirudi akaniletea uji, kwa kuwa mkono wangu umefungwa. Hakuniuliza. Ningependa anitukane.

Nilikuandikia kwamba sijaandika uongo toka nizaliwe. Huo ndio uongo mkubwa kuliko wa daftari, na kelele zangu zote zilikuwa za kuufunika. Umenipima sawasawa. Usinionee huruma, mimi sikukuonea.

Kuhusu zile saba, sina tena mdomo wa kukuamuru. Fanya unachoona.

Karatasi ninayo kwenye soksi.

Wabwile


Bungoma,
24 Februari 2026

Baba,

Bi. Chepkemoi alinipa barua yako akaenda kuchemsha chai muda mrefu kuliko chai inavyohitaji.

Zile saba nimezirudisha. Nimezichora kwa kalamu nyekundu zionekane kutoka mlangoni. Nilimpelekea Mwalimu Ndung'u mwenyewe, sikutaka kumzunguka. Alizihesabu moja moja kwa kidole. Akasema, "Jaji atakuuliza." Nikasema ndiyo, nataka aniulize. Akasema, "Ukilia huko mbele, usitaje jina langu." Lakini fomu hakuichana. Pengine alikuwa anaogopa kweli, Baba, hakuwa tu mtu mbaya. Bado nina hasira naye.

Kuna jambo naomba ruhusa. Pembeni ya grafu ya galaksi nataka kuweka ndogo ya draya, mistari ishirini, mitatu kwa rangi nyekundu. Jina la kiwanda silitaji. Watu hawajawahi kuona galaksi, lakini hapa nani hajaona mahindi? Ukikataa nitaelewa.

Ila kama unakubali nichore hiyo mitatu ukutani Bungoma, na huko Kitale je? Itaendelea kukaa kwenye soksi?

Wazazi wanaruhusiwa ukumbini. Saa tatu asubuhi. Sikulazimishi.

Nakhungu


Kitale,
Jumapili, 1 Machi 2026

Nakhungu, mama,

Chora.

Alhamisi nilikwenda na Daud katika ofisi ya kazi hapa mjini. Mikono yake imefungwa mpaka vidoleni, ikabidi mimi nimfungulie mlango na kumpa maji. Afisa ni mama mmoja mwenye haraka. Nikampa karatasi. Alisoma upande wa kwanza, akakunja uso, akasoma kwa sauti, "Kumbe mbinguni pia wana matanga, bana." Nikamwambia, mama, geuza. Akageuza. Kisha akaniuliza, "Na ule ukurasa safi ulio kwenye daftari, nani aliandika?"

Nikasema, "Mimi."

"Kwa nini?"

"Niliambiwa. Na niliogopa. Andika yote mawili."

Aliandika. Daud akacheka, akasema, "Mama, muulize pia nani aliniambia ninyamaze." Nikasema ni mimi vilevile. Hilo nalo likaandikwa. Tulipotoka hakuniambia amenisamehe, na mimi sikumwomba pale barabarani. Aliniambia nimvalishe kofia yake, nikamvalisha.

Ijumaa asubuhi Rotich alinikuta langoni akaniambia nichukue blanketi langu. Alisema nimewauza wenzangu. Nilikuwa na jibu refu, Nakhungu, unanijua, lilikuwa limefika hapa kooni na lilikuwa zuri. Sikulitoa. Nilimwambia tu kwamba feni ya pili nayo imeanza kusaga, akaweke sikio. Nimeona kwamba vijana watatu wapya wameingizwa kufanya kazi chini ya feni hiyo, na hiyo ndiyo hasira niliyobaki nayo, na hii siifunikii kitu. Nimeiandikisha kwa yule mama pia.

Nalala kwa Daud na Bilan, karibu na msikiti. Afisa anataka nirudi Alhamisi tarehe tano nitie sahihi maelezo. Kwa mkono wa kulia, alisema, hata kama unauma, ili mwandiko ulingane na ule wa daftari.

Nikimaliza hapo sina kinachonizuia. Mama Khadijo amenipa nafasi juu ya magunia mpaka Chwele. Jumamosi saa tatu nitakaa ukumbini nyuma kabisa, kwa sababu shati langu lina tundu la moto. Jaji akikuuliza kuhusu zile saba, usinitafute kwa macho. Mjibu.

Mwambie mama yako niliwahi kumpa siku nikaikosa, na sikumwambia kwa nini. Hii naiandika kwa kalamu, mkono wenyewe wa kulia, umefunguliwa leo: nafika Sirisia Ijumaa, tarehe 6 Machi 2026, kabla jua halijatua.

Baba yako,
Wabwile